Tenga Kibichi na Kikavu Kuanzia Jikoni

Kabla hujanunua pipa jipya, fanya kazi moja ya nusu saa. Siku moja kabla wazoa taka hawajapita mtaani kwenu, tandika turubai au gunia kuukuu uani, vaa glavu za mpira, mwaga kiroba chako cha taka kisha ukichambue kwa kijiti. Waite na wenzako wa nyumbani, watoto wakiwemo. Kitazame kilichomo bila haraka, hata kama harufu inakusukuma uondoke.

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam utakutana kwanza na maganda: ya ndizi, ya viazi, ya mihogo, ya maembe msimu ukifika. Yanafuata mabua ya mchicha na matembele, machicha ya nazi, majani ya chai, magamba na matumbo ya samaki, wali wa juzi, kipande cha ugali kilichoota ukungu. Humo humo ndimo zilimozama chupa za maji, pakiti za maziwa, mfuko wa unga, boksi la dawa ya meno, pampasi na betri za rimoti. Chupa iliyokuwa safi asubuhi sasa inanuka shombo la dagaa. Boksi limelowa hadi linachanika ukilishika. Vitu ambavyo kila kimoja peke yake kilikuwa na mnunuzi au kazi ya kufanya vimeharibiana, na sasa vyote kwa pamoja ni uchafu.

Ushauri wangu wote katika makala haya umesimama juu ya jambo moja: kibichi na kikavu visikutane. Anayefanikiwa hapo, hata kama hafanyi lingine lolote, ameshapunguza sehemu kubwa ya taka zake. Asiyefanya hivyo anaweza kuwa na kikapu kizuri cha ukindu na chupa ya chuma ya kubebea maji, lakini kiroba chake kitaendelea kujaa na kunuka kila wiki. Sababu iko kwenye uzito. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni vitu vinavyooza. Ndivyo vinavyolemea mkokoteni, vinavyochuruzika njia nzima, vinavyoita panya na inzi, na ndivyo vinavyomfanya mzoa taka anayebeba kwa mikono mitupu aumwe.

Ufuate huo mzigo uone unakoishia. Dar es Salaam imekuwa ikihamisha dampo lake kwa miongo kadhaa. Lilikuwa Tabata, wakazi wakachoshwa na moshi, harufu na inzi, wakaifikisha Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988, na mahakama ikawapa haki yao. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa malori yanapanda hadi Pugu Kinyamwezi. Nairobi inategemea Dandora, dampo lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Kila tunapohamisha dampo tunalipeleka kwa watu wengine, mara nyingi watu wenye sauti ndogo kuliko sisi. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu siridhiki na usafi wa kufagia uani kwangu tu.

Maganda yanapofukiwa chini ya marundo ya dampo yanakosa hewa, na yakioza bila hewa yanatoa gesi ya methani. Katika kipindi cha miaka 20 gesi hiyo inahifadhi joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Tena inawaka, na moto ukishaingia tumboni mwa dampo unaweza kufukuta kwa wiki kadhaa. Maganda hayo hayo yakioza juu ya ardhi, penye hewa, karibu hayatoi methani kabisa, yanageuka udongo. Ganda ni lile lile, kinachobadilika ni mahali lilipolala.

Tuje sasa kwenye vitendo. Unahitaji vyombo viwili jikoni, na hakuna hata kimoja cha kununua. Cha kwanza ni ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya kibichi. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inatosha. Chini yake tandika karatasi ya gazeti au vipande viwili vya boksi, na kando yake weka kopo la vumbi la mbao, ambalo fundi seremala wa mtaani kwenu atakupa bure, au majani makavu yaliyosagwasagwa kwa mikono. Kila ukitupa maganda, nyunyizia konzi moja juu yake. Vumbi hilo linanyonya maji, harufu inakatika na inzi hawapati pa kutagia. Mwaga ndoo kila siku, usingoje ijae. Chombo cha pili ni kiroba au boksi la vikavu, nalo likae mbali na sinki ili lisirukiwe na maji.

Ndoo ya kibichi iwe karibu na ubao wa kukatia mboga, pale pale mkono unapofika. Ukiiweka nje ya mlango wa nyuma, siku ya tatu watu watachoka kutoka nayo, na maganda yatarudi kwenye kiroba kile cha zamani. Kazi hii isimwangukie dada wa kazi peke yake. Mweleze sababu, muulize yeye anaona ndoo ikae wapi, maana jikoni anapajua kuliko wewe. Baba mwenye nyumba akimaliza kula ndizi, naye aende na ganda lake kwenye ndoo. Watoto wanashika utaratibu huu upesi kuliko wakubwa, na wakishaushika wao ndio watakaomkumbusha mgeni.

Kabla ya kufikiria kuozesha, punguza kinachoingia kwenye ndoo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Wengi tungeapa kwamba hilo ni la nchi tajiri. Rudi kwenye turubai lako, hesabu nyanya zilizooza na mikate iliyoota ukungu, kisha piga hesabu ya shilingi. Kwa bei ya vyakula ya sasa, huo ni mshahara unaomwagwa.

Chanzo kikubwa ni namna tunavyonunua. Sokoni sado zima la nyanya lina bei nafuu kuliko fungu, basi mtu anachukua sado kwa nyumba ya watu watatu, na nusu yake inalainika kabla ya Ijumaa. Ukinunua sado, siku hiyo hiyo litenge: zilizoiva sana saga, zichemshe hadi zikaukie maji, uweke kwenye vikopo vidogo ugandishe, ngumu zipange juu ya ungo, kikonyo chini, mahali penye upepo, zisilaliane. Asiye na friji akaange hizo zilizoiva kwa mafuta na chumvi hadi mafuta yaelee juu, atumie kesho na keshokutwa. Mchicha usiuoshe kabla ya kuuhifadhi. Uzungushie kitambaa chenye unyevu, uoshe wakati wa kupika. Viazi na vitunguu visikae kapu moja, vinaharibiana. Ndizi mbivu na parachichi ziwe mbali na vitu usivyotaka viive haraka. Na maembe ya Desemba, yanapouzwa kwa bei ya kutupa, ndiyo wakati wa kutengeneza achari na kukausha vipande juani chini ya chandarua, badala ya kuyaacha yaozee kwenye kapu kwa kuwa yalikuwa rahisi.

Halafu kuna kiporo, ambacho nakipigania kwa moyo wote. Vijana wengi wa mjini wanakionea aibu, wanataka kila mlo utoke motoni. Maharage ya jana ni matamu kuliko ya leo, kila mpishi anajua. Ugali uliolala ukikatwa vipande na kukaangwa ni kifungua kinywa cha maana. Ukoko ukilowekwa maziwa kidogo, watoto watagombania. Lakini wali unataka uangalifu. Yupo bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukibaki vuguvugu sufuriani usiku kucha anaamka, anazaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Ukimaliza kula chakula cha jioni, tandaza wali uliobaki kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja au mbili uingie kwenye friji, uliwe kesho yake, na upashwe mara moja tu. Asiye na friji apike wali wa kutosha mlo mmoja, kiporo chake kiwe cha vyakula vingine.

Kinachobaki baada ya hapo kina njia tatu. Ya kwanza ni mifugo. Kuku na bata wanakula maganda ya tikiti, mabua ya mchicha yaliyokatwakatwa, machicha ya nazi na makombo ya ugali. Usiwape chochote kilichoota ukungu, kwa sababu baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu inayodhuru ini la mnyama na kuweza kufika kwenye maziwa ya ng'ombe na mayai ya kuku. Kama hufugi, karibu kila mtaa una jirani mwenye kuku au ng'ombe wa maziwa ambaye atafurahi kutumiwa mtoto na ndoo kila jioni. Wenye nguruwe wachemshe makombo kwanza, maana homa ya nguruwe husafiri ndani ya mabaki ya nyama.

Njia ya pili ni shimo la mgomba. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Bukoba, maganda ya jikoni na samadi vimekuwa vikirudi shinani mwa migomba vizazi kwa vizazi, na ndiyo maana ardhi ile imeweza kulisha watu wengi namna ile bila kuchoka. Mwenye uwanja mdogo Kimara au Chanika anaweza kufanya hivyo hivyo. Chimba shimo la upana wa mita moja na kina cha nusu mita, panda migomba mitatu au minne kuuzunguka ukingo, na mipapai ukipenda. Tupa kibichi chako humo kila siku, funika kwa majani makavu. Shimo halijai, kila wiki linabonyea. Magamba na matumbo ya samaki yazike chini kabisa na uyafunike vizuri, paka wasiyafukue. Hata maji ya kuoshea mboga yaelekeze hapo hapo.

Ya tatu ni mboji, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wameijaribu wakakata tamaa kwa kosa dogo. Mboji haitaki uwanja. Mpangaji wa chumba kimoja Sinza mwenye kibaraza anaweza kuitengeneza ndani ya ndoo ya lita 20. Toboa matundu chini na ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, simamisha ndoo juu ya vipande viwili vya tofali, weka chini yake beseni la kukinga maji. Tabaka la kwanza liwe vijiti na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, upana wa kiganja, ili hewa ipite. Kisha kila konzi moja ya kibichi ifuatwe na konzi mbili za kikavu: majani makavu, vumbi la mbao, boksi lililochanwa vipande vidogo. Ongeza udongo wa bustani kidogo mwanzoni, ndio wenye vijidudu vitakavyofanya kazi. Katakata maganda, ganda la embe zima linakaa miezi, lililokatwa linapotea upesi.

Jipimie unyevu kwa mkono. Chukua konzi ya mchanganyiko kutoka katikati, ukamue. Likidondoka tone moja au mawili, pazuri. Maji yakichuruzika, ongeza kikavu na ugeuze. Ukifungua mkono na konzi ikasambaa yenyewe, nyunyizia maji. Mara moja kwa wiki geuza yote kwa kijiti kinene au koleo dogo ili hewa ifike chini. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: ndoo ikinuka wanadhani mboji ndivyo ilivyo, wanaitupa. Mboji iliyopata hewa hainuki. Harufu mbaya ni taarifa kwamba kibichi kimezidi na hewa imekosekana, na dawa yake ni majani makavu na kugeuza, siku mbili tu inatulia. Ukiona sisimizi wamefanya makazi, imekauka mno. Ukiona mabuu manene ya rangi ya kijivu na kahawia yanasokotana ndani, usiyamwagie dawa. Hayo ni ya inzi askari mweusi, ambaye akikua hana haja ya kula wala haingii kwenye chakula chako, na mabuu yake yanamaliza maganda kwa kasi ya ajabu. Wapo wafugaji wanaoyazalisha makusudi kwa ajili ya kuku, na wewe pia unaweza kuwapa kuku wako.

Ndani ya ndoo ya kibarazani usiweke nyama, samaki, mafuta wala maziwa, panya watakuja. Kinyesi cha mbwa na paka pia hapana, kina vimelea. Maganda ya machungwa na ndimu yaende kidogo kidogo. Maganda ya mayai yasage. Majivu ya kuni au mkaa, kijiko kimoja kimoja. Wakati wa masika ifunike isipigwe na mvua. Maji yanayodondoka kwenye beseni yachanganye na maji safi mara kumi yake umwagie maua au mgomba, si mboga zinazoliwa mbichi. Kwa joto letu la Pwani, baada ya miezi miwili hadi mitatu utashika kitu cheusi chenye kuvunjika vunjika, ambacho huwezi tena kutambua kilikuwa nini, chenye harufu kama ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo, jaza dumu lililokatwa, otesha mchicha, nao utaanza kuukata baada ya wiki tatu au nne. Mtoto aliyetupa ganda na akaja kula mchicha uliotoka kwenye ganda hilo hahitaji semina ya mazingira.

Baada ya kibichi kupata njia yake, utashangaa kikavu kilivyo kidogo na chepesi. Tena ni kisafi, na kisafi kina bei. Wanunuzi wa vyuma chakavu na vijana wanaokusanya chupa wanapita kila mtaa. Wanachotaka hasa ni chupa za maji na soda, zenye namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni, na plastiki ngumu za madumu, ndoo na chupa za sabuni, zenye namba 2 au 5. Makopo ya alumini, maboksi makavu na chuma cha aina yoyote vina soko. Kinachokosa mnunuzi ni povu jeupe la kufungia chipsi, vifuko laini vilivyochafuka na pakiti zinazong'aa kwa ndani. Kwa hiyo suuza chupa kwa maji uliyooshea vyombo, ikanyage, irudishie kifuniko, ikusanye. Ukiona fedha yake haikusaidii, mwachie huyo kijana anayepita alfajiri na gunia. Kwake chupa safi iliyotengwa ni tofauti kati ya saa nzima ya kupekua uchafu na dakika moja ya kupokea, na anastahili kuamkiwa asubuhi njema kwa jina lake.

Usichome taka. Najua jioni katika mitaa mingi moshi unapanda, na mzee anayechoma anaamini anasafisha. Plastiki ikichomwa kwenye moto mdogo wa uani haiungui ikaisha. Inatoa masizi na kemikali za sumu, zikiwemo dioksini, hasa kama ndani kuna mabomba, nyaya au viatu vya plastiki ya PVC. Moshi huo unaingia kwanza kwenye mapafu ya watoto wa nyumba hiyo hiyo na bibi mwenye pumu upande wa pili wa ukuta. Majivu yake usiyatie bustanini. Mtu mzima anayechoma umwendee kwa adabu, umwamkie, umwombe mzee wako akuachie yale ya plastiki uyapeleke wewe, naye achome majani yake kama hawezi kuacha kabisa. Ukianza kwa kumfokea, kesho atachoma zaidi.

Makopo na vifuu vya nazi navyo visitupwe hovyo uani. Kila kimoja kikishika maji ya mvua ni kitanda cha mbu wa dengue, anayeuma mchana na kupenda kuzaliana kwenye maji safi ya vyombo vidogo. Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na tena 2019. Vifuu ni kuni nzuri sana, vikaushe uvitumie kuwashia jiko. Kumbi likikatwa ni la kusugulia masufuria, tena halichubui kama steelwire ya dukani.

Sasa la kutonunua. Kwenye hili tumerithi mengi mazuri ambayo tunayaacha sasa hivi, wakati wenzetu wa nchi nyingine wanayatafuta kwa gharama. Duka la Mangi wa mtaani kwenu bado linauza mafuta ya kula kwa kupima, sabuni ya maji kwa kupima, mchele, maharage na sukari kwa kilo. Kinachotia taka pale ni kifuko anachokuwekea. Nenda na chupa yako ya mafuta, nenda na vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa na fundi kutokana na khanga iliyochakaa, kimoja cha mchele na kimoja cha maharage. Soda ya chupa ya kioo inarudi kiwandani ikaoshwa na kujazwa tena, ile ya plastiki inabaki kwako. Ukienda kununua chipsi au wali wa jioni, beba hotipoti yako. Muuzaji atakupimia humo, na chakula kitafika nyumbani kikiwa cha moto bila kugusana na povu. Maziwa ya jirani mwenye ng'ombe yafuate na dumu lako, ukayachemshe.

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilitangulia Agosti 2017, na Rwanda na Zanzibar mapema zaidi. Anayekumbuka mitaro ilivyokuwa wakati wa mifuko ya rambo anajua tulichopata. Lakini vile vifungashio vyembamba vya kuangaza vimeingia sokoni kama vibebeo, na kuna nyumba zenye rundo la mifuko mbadala isiyofumwa nyuma ya mlango, kila safari ya dukani mpya. Mfuko wa namna hiyo nao una plastiki. Unasaidia tu kama unatumika hadi uchanike. Ukae kwenye pikipiki, kwenye begi la kazini, kwenye gari, ili ukikuta nyanya barabarani usiwe na haja ya kupewa mwingine. Mafundi wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa na ndala chakavu, wakalishusha majini mwaka 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nalipenda jahazi lile. Hata hivyo hakuna idadi ya majahazi itakayomaliza plastiki tunayonunua kila asubuhi, na fundi yeyote aliyeichambua kwa mikono yake atakuunga mkono ukianza kwa kutoinunua.

Pampasi ni mzigo mkubwa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Sitamwambia mama anayeamka usiku aziache zote. Nepi za kitambaa mchana, mtoto akiwa nyumbani, na pampasi usiku au safarini, hupunguza idadi kwa zaidi ya nusu na kuokoa fedha nyingi. Zilizotumika zikunjwe, zifungwe zenyewe, zisichanganywe na kikavu cha kuuza. Betri, taa zilizoungua, sindano na vioo vilivyovunjika viwe na kopo lao lenye kifuniko, limeandikwa kwa herufi kubwa, na mzoa taka aambiwe kilichomo kabla hajalishika. Dawa zilizoisha muda usizimwage chooni. Muulize mfamasia au zahanati ya karibu kama wanazipokea.

Nyumba moja ikitenga na gari likaja kuchanganya vyote, mtu huvunjika moyo. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ya majirani. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka inayotaka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, lakini popote ulipo huna haja ya kungoja askari wa mazingira. Kwenye kikao cha mtaa, muulizeni mwenyekiti maswali matatu: anayezoa taka zetu anazipeleka wapi, analipwa kwa nyumba au kwa uzito, na je, anaweza kupokea kikavu siku moja na kibichi siku nyingine. Kikundi kinacholipwa kwa nyumba kitafurahi mzigo ukipungua, maana safari za dampo zinakigharimu mafuta. Mkipunguza kweli, mna haki ya kuzungumza nacho upya kuhusu ada.

Msianze na mtaa mzima. Anzeni na nyumba tatu au nne zinazotazamana, mchague kona moja yenye kivuli, mjenge tuta la mboji la pamoja la mita moja kwa mita moja kwa mbao za makreti kuukuu. Wekeni zamu ya kugeuza kila Jumamosi, na karatasi ukutani inayoonyesha nini kinaingia na nini hakiingii. Na mkubaliane tangu siku ya kwanza mboji itagawanywa vipi, kwa sababu ikishaanza kutoka kila mtu ataitaka: mwenye bustani achukue ndoo zaidi, na asiye na bustani apelekewe mchicha.